King'ora cha Mkonge na Kitabu cha Ubatizo
(Hotuba kwa Wazee wa Kanisa, Umoja wa Vijana na mafundi wa Usharika, katika maandalizi ya Jubilei ya Miaka 100)

 

Nimeombwa na Kamati ya Jubilei nieleze habari za king'ora cha zamani kilichokuwa kiwanda cha mkonge, ambacho Usharika ulikabidhiwa baada ya kiwanda hicho kufungwa. Wengine walishauri kiuzwe kama chuma chakavu. Wengine walitaka kisikike tena siku ya Jubilei. Kabla ya kuamua, ilikuwa lazima kwanza tujue kama kinaweza kuzunguka, na hapo ndipo mafundi wetu walipokutana na rota iliyoganda katika shafti ya mota.

Ni vema tufahamu king'ora hufanyaje kazi. Ndani yake hamna filimbi wala ngozi ya ngoma. Ipo rota ya alumini yenye mapezi, iliyovikwa kwenye shafti ya mota, nayo huzunguka ndani ya kasha lenye madirisha. Rota huvuta hewa katikati na kuitupa pembeni. Hewa hiyo hupita madirisha yanapokutana, hukatwa yanapopishana. Mkatiko huo ndio sauti. Rota ya king'ora chetu ina nafasi 8. Mota ikizunguka mara 2,850 kwa dakika, hewa hukatwa mara 380 kwa sekunde, na mlio husikika kijiji hata kijiji.

Kwa nini basi rota iligande? Shafti ni ya chuma na rota ni ya alumini. Metali hizo mbili zikigusana mahali penye unyevu na chumvi, kama ilivyo huku kwetu Tanga karibu na bahari, alumini huliwa polepole. Unga mweupe unaotokea huhitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, hivyo hujaza kila mwanya na kubana. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo vitu viwili vinavyokuwa kama kimoja.

Kijana mmoja alipendekeza nyundo kubwa. Fundi mkuu alimkataza, na ni vema sababu zake ziandikwe kwa ajili ya watakaokuja. Ukiipiga ncha ya shafti, pigo lote hupita katika gololi za beringi na kuzitoboa vishimo. Ukiyapiga au kuyavuta mapezi, alumini ya kusubu haipindi, hupasuka. Na rota yenye ufa, ikizungushwa kwa kasi niliyoitaja, yaweza kumwua mtu.

Kwa hiyo walianza kwa kukata umeme na kutoa fyuzi, wakafungua kasha na kutia alama za rangi ili kila kipande kirudi mahali pake. Wakaondoa nati ya mbele. Wakakwangua rangi kwenye kitovu cha rota, wakaiona skrubu ya kubana. Walipoitoa, rota haikutikisika. Fundi alimulika tundu lile kwa tochi, akaona skrubu ya pili chini ya ile ya kwanza. Ndugu zangu, laiti wangevuta kwa nguvu wakati huo, wangeivunja rota huku wakilaumu kutu.

Kisha waliisafisha shafti kwa msasa na kutia mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni, kwa siku tatu, wakigonga kitovu taratibu ili mafuta yapenye. Siku ya nne walifunga bolti mbili katika matundu yenye nyuzi yaliyomo kitovuni, wakaweka bapa la chuma juu yake, na bolti ya tatu katikati ikasukuma ncha ya shafti, iliyokingwa kwa kipande cha shaba. Walikaza robo mzunguko, wakangoja, wakakaza tena.

Mwisho walifuta mafuta yote kwa sababu ya hatari ya moto, wakapasha kitovu kwa tochi ya gesi, wakiuzungusha mwali pasipo kuuacha mahali pamoja. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu lenye kipenyo cha milimita 25, joto likipanda kwa nyuzi 100, huongezeka kama milimita 0.06, shafti ya chuma, hata ingepata joto lile lile, huongezeka kama milimita 0.03 tu. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa unywele, lakini ilitosha. Rota ililia mara moja, kisha ikatoka nzima. Sasa beringi zitabadilishwa, koili zitapimwa, na rota itasawazishwa kabla ya kurudishwa.

Wapendwa, kazi ya mafundi imefika hapo. Sasa imebaki kazi yetu, nayo ni ngumu zaidi.

Katika kikao cha wazee, mzee wetu mmoja alisema kwamba sauti ile ndiyo iliyomtoa baba yake kitandani gizani kwenda kukata mkonge, na kwamba hapendi kuisikia tena. Hatuna budi kumsikiliza. Mkonge uliletwa nchini na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai. Kutokana na miche hiyo yalikuja mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Lakini mikono iliyokata mkonge huo ilikuwa ya watu walioajiriwa kutoka mbali, wakiitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mwaka 1944 waajiri waliunda hata ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kama SILABU. Mtu alipewa kipande, na kila siku ya kazi iliyotimia ilitiwa alama.

Watu wale wale walikuja hapa Jumapili. Katika vitabu vyetu vya ubatizo hawakuandikwa kwa namba. Aliyeitwa kwa namba Jumatatu, aliitwa kwa jina mbele ya kisima cha ubatizo, pamoja na majina ya wazazi wake na kwao alikotoka. Wengi hawakurudi makwao. Wamezikwa katika makaburi yetu, na wajukuu wao wanaimba katika kwaya zetu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa Baraza la Wazee. Kwanza, king'ora kisiuzwe, wala kisitumike kuita watu ibadani. Kazi hiyo ni ya kengele. Pili, siku ya Jubilei majina ya manamba waliobatizwa hapa yasomwe yote, hata ikichukua saa nzima. Tatu, king'ora kilie mara moja tu baada ya majina hayo, ikiwa mzee wetu na wenzake waliobaki wataridhia. Wasiporidhia, kikae kimya katika chumba cha kumbukumbu, kando ya vitabu vile, na tusihesabu kazi ya mafundi kuwa imepotea.

Mafundi walingoja siku nne kwa ajili ya rota. Nasi tuwangojee wazee wetu, wala tusiwashurutishe.

Bwana awabariki na kuulinda Usharika wetu. Amina.