KUYUMBA KWA GURUDUMU LA NYUMA
(Maelezo ya fundi wetu wa baiskeli mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika.)



Mmesomewa hesabu ya vipuri, mkaguna. Friwili zinanunuliwa kila mara na baiskeli bado zinayumba. Ndugu zangu, sehemu ya kosa hilo ni yangu. Mwanachama mmoja aliniletea baiskeli inayoyumba nyuma. Nikaona friwili inacheza, nikamwambia anunue mpya. Akaagiza Bukoba, ikaja kwa boti, nikaifunga. Haikupita wiki, akiteremka kwenda mwaloni na mikungu miwili kwenye karia, ekseli ikakatika. Ndizi zikapondeka, naye mpaka leo anachechemea goti. Friwili ile ya zamani haikuwa na ubaya wo wote. Ekseli ndiyo iliyokuwa na ufa, nami sikuipima. Fedha yake nimemrudishia, goti siwezi.

Basi tupime hivi. Igeuze baiskeli, magurudumu juu. Usizungushe kwanza! Shika ringi karibu na foko ya nyuma, isukume kulia na kushoto. Ikigonga kok-kok, ugonjwa uko ndani ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu: koni zimelegea, au gololi zimekwisha, au ekseli imeshakatika ila nati zinaishikilia tu. Isipogonga, ndipo uzungushe. Kama ringi inakwenda upande mahali pamoja, hizo ni spoki. Habu iache salama.

Halafu friwili. Mwenzio alishike gurudumu lisiende, wewe zungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono. Friwili ikiyumba hapo, kasoro ni yake yenyewe. Ikitulia hapo, lakini ikayumba inapozunguka pamoja na gurudumu, basi imekaa upande kwenye uzi wa habu, na kununua nyingine hakutasaidia kama uzi umeliwa. Tena kuyumba kidogo si ugonjwa. Friwili nyingi zinatoka kiwandani hivyo. Madhali cheni hairuki na ukikanyaga inashika, endelea nayo, fedha yako weka mfukoni.

Ekseli ya nyuma hupenda kukatika upande wa friwili. Sababu ni kwamba friwili inachukua nafasi, koni ya upande ule inabaki ndani, mbali na foko, na kile kipande cha ekseli kilichobaki nje kinabeba mzigo peke yake. Toa gurudumu, viringisha ekseli kwa vidole. Ncha yake ikichora duara, imepinda, itupe. Usiinyoshe kwa nyundo, hata kama babu yako alifanya hivyo.

Gololi za nyuma ni za robo inchi, tisa kila upande, jumla 18. Nafasi kidogo inabaki. Wengine wakiiona wanabana ya kumi, nazo zinasagana. Wala usichanganye mpya na zilizokwisha, maana zile mpya ni kubwa, zitabeba mzigo wote zenyewe, na koni italiwa mashimo.

Sisi wa kisiwani tuna adui mwingine. Baiskeli tunaivusha ikiwa imelazwa ndani ya mtumbwi, habu imezama katika maji ya chini, kisha tunaiburura kwenye mchanga wa mwalo. Isimamishe, au iweke juu ya magunia. Na iliyolowa ifunguliwe, ifutwe, ipakwe grisi. Oili chafu ya injini si grisi. Inatiririka yote na kubakiza uchafu.

Ukifunga koni, kaza mpaka ringi isigonge. Kisha weka valvu ubavuni na uachie: gurudumu lishuke lenyewe polepole. Likigoma, umekaza mno.

Wenye baiskeli za mtumba za gia, zile zenye meno mengi yanayoitwa kaseti: meno yakicheza, tazama kwanza pete ya nje inayoyabana. Mara nyingi imelegea tu.

Mama mmoja ameniuliza kama friwili inaweza kufunguliwa kuoshwa. Inaweza, ila kifuniko chake kina uzi wa kinyume. Ukikigonga kushoto kama nati nyingine unakikaza, na wengi wamevunja hivyo. Gonga kuelekea kulia. Gololi za ndani ni ndogo kama mtama, tandika kitambaa chini.

Spana nyembamba ya koni iko stoo ya chama. Anayeichukua aandike jina daftarini, airudishe kabla ya jioni.