Maumivu ya kichwa yasiyoisha kwa mgonjwa wa lupasi

Leo naongea nawe mwenye lupasi, na wewe unayemuuguza.

Lupasi ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo. Haiambukizi, wala si kurogwa. Dawa kama prednisoloni huituliza kinga hiyo. Lakini kinga ikitulizwa, fangasi hupata nafasi. Kuna fangasi anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Tunamvuta kwa pumzi. Kwa mwenye kinga dhaifu anaweza kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo.

Dalili huja polepole: kichwa kuuma siku nyingi, homa, kutapika, shingo kukaza, macho kutoona vizuri. Wengi husema ni malaria. Ukipimwa malaria isionekane, au ukimaliza dawa na kichwa bado kinauma, usijilalie nyumbani. Rudi kliniki siku hiyo hiyo, useme: “Nina lupasi, natumia prednisoloni.” Usinyamaze, kwani wengine hudhani fangasi huyu huwapata wenye virusi vya Ukimwi peke yao. Karatasi zako zilipotea njiani tulipokimbia? Beba pakiti ya dawa, hata iwe tupu.

Daktari akitaka kupima maji ya uti wa mgongo, usiogope. Ugonjwa huu unatibika ukiwahiwa, ukicheleweshwa unaua.

Na prednisoloni usiiache ghafla bila daktari, ni hatari.

Msikilizaji, mwambie na jirani.