Mringaringa Uani

Mvua zikikaribia, wauza miche wa barabarani hupanga mikrismasi na miarobaini. Mkrismasi asili yake Madagaska, mwarobaini Bara Hindi. Mringaringa, mti wetu wenyewe, ni wachache wanaouulizia.

Vihambani Kilimanjaro umeitilia kahawa kivuli kwa vizazi. Jani lake ni pana, linakwaruza kidogo ukilipapasa. Maua meupe huvuta nyuki, na mbao zake huchongwa mizinga na ngoma.

Lawama kubwa ni kwamba kiangazi hupukutisha majani. Nasi, jamani, tunapenda ua uliofagiwa hadi udongo ukabaki uchi! Kwa maoni yangu, mwenye kosa hapo ni ufagio. Majani yakiachwa shinani hutunza unyevu, kisha huoza yakawa mbolea.

Panda mvua zinapoanza, mbali na ukuta wa nyumba, kwa kuwa matawi yake hutanda sana. Mbuzi wa jirani wazuie kwa miiba, na kiangazi cha kwanza usiache kumwagilia. Kitaluni, ukague mche kabla ya kulipa: ambao mizizi yake imeshajizungusha ndani ya kiriba, uache.