Nani Anaitikia Hodi? Seli Shina na Vipokezi vya Homoni za Uzazi



Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za mwanamume wa Marekani mwenye umri wa miaka 28 ambaye alikuwa bado anarefuka. Alishafika sentimita 204. Ncha za mifupa yake hazikuwa zimefunga kama zinavyofunga za kijana anayemaliza kubalehe, na mifupa yenyewe ilikuwa dhaifu kama ya bibi kizee. Madaktari walipopima damu walikuta estrojeni ipo, tena imezidi. Wakamwongezea nyingine kwa miezi sita, hakuna kilichobadilika. Hitilafu ilikuwa kwenye jeni ya kipokezi cha estrojeni, nakala ya baba na ya mama zote mbili, na seli zake zikawa zinatengeneza kipande kifupi kisichofanya kazi. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba binadamu asiye na kipokezi hicho hawezi hata kuzaliwa.

Homoni ni mgeni anayepitishwa na damu kwenye kila nyumba ya mji, lakini anaitikiwa hodi pale tu penye kipokezi. Homoni ya FSH, inayokuza mayai kwenye ovari, huishia mlangoni, kwa kuwa kipokezi chake kimechomekwa kwenye utando wa nje wa seli. Estrojeni na projesteroni hupenya hadi ndani, zikashikamana na vipokezi vyao, navyo vikakaa juu ya DNA kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Hospitalini tunampima mgeni; mwenyeji hatumuulizi. Mwanamke anaambiwa homoni zake ziko sawa, anarudi nyumbani, na maumivu anarudi nayo.

Kwa nini tusimuulize panya? Tumemuuliza sana, na katika mengi anajibu vizuri. Lakini gegedu la ukuaji katika mifupa ya panya halifungi kabisa baada ya kubalehe kama letu, na panya wa kawaida wa maabara hapati hedhi. Kwa hiyo kwa miongo mingi tuliegemea seli za saratani, hasa zile ziitwazo MCF-7, zilizotoka kwa mtawa mmoja aliyeugua saratani ya matiti huko Michigan mwaka 1970. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu kipokezi cha estrojeni imetoka kwenye seli hizo. Tunamshukuru mama yule. Hata hivyo, seli ya saratani ni shahidi wa mashaka unapotaka kujua seli yenye afya inaishi vipi.

Hapo ndipo seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, zinapoingia. Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hubomoka na kujengwa upya kila mwezi, jambo lisilowezekana bila seli shina zilizomo humo humo. Mwaka 2017 kundi la Margherita Turco huko Cambridge, na jingine la Leuven, Ubelgiji, yalichukua vipande vidogo vya utando huo na kuvikuza ndani ya ute mzito. Zikaota oganoidi: vijipira vyenye uwazi katikati, kila kimoja kikiwa tezi ndogo. Ukizipa estrojeni, zinakua na kutengeneza vipokezi vya projesteroni. Ukizipa projesteroni baadaye, zinaanza kutoa majimaji kama zinavyotoa tezi za mwanamke siku ambazo mimba ingeweza kujishikiza. Mpangilio huo una maana kubwa, kwani homoni ya kwanza ndiyo inayomwandalia mwenyeji wa ya pili.

Lakini oganoidi hizo ni tezi peke yake. Seli za tishu inayozizunguka hazimo, na hizo ndizo zinazojigeuza kumpokea mtoto. Njia ya pili ilifunguliwa na Shinya Yamanaka wa Kyoto: mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, aliingiza jeni nne katika seli za ngozi zikarudi kwenye hali ya seli ya kiinitete. Mwaka 2018 kundi la Serdar Bulun huko Chicago likaziongoza seli za namna hiyo, hatua kwa hatua, hadi zikawa seli za tishu ya mfuko wa uzazi zinazoitikia projesteroni. Mtafiti huyu anashughulika na endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama ya utando huo kuota nje ya mfuko wa uzazi, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria unampata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Katika wengi wao tishu iliyopotea njia ina vipokezi vichache vya projesteroni, ndiyo maana dawa ya homoni humsaidia huyu ikamshinda yule.

Sasa niwaonye wanafunzi wangu kuhusu rangi. Kimiminika cha kukuzia seli huwa chekundu kwa sababu ya fenoli nyekundu, inayogeuka njano asidi inapozidi. Inapendeza, na inakuokoa na kazi ya kupima asidi. Mwaka 1986 watafiti wa Illinois walionyesha kwamba rangi hiyo ilikuwa ikiziamsha seli kama estrojeni. Baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni uchafu uliobaki ndani yake wakati wa kutengenezwa. Mwaka 1991 Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Boston wakakuta kemikali inayofanya vivyo hivyo ikichuruzika kutoka kwenye mirija ya plastiki. Watu walikuwa wakipima kipokezi kisichopewa homoni, kumbe homoni ya bandia imo tangu asubuhi. Tumia kimiminika kisicho na rangi, na seramu iliyochujwa kwa mkaa ili kuondoa homoni zake.

Kwa Afrika Mashariki swali la nani anaitikia hodi liko kliniki. Dawa iliyomo katika sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ilitengenezwa kwa ajili ya kipokezi cha projesteroni, lakini hushika pia kile cha kotisoli, homoni inayopunguza nguvu za kinga ya mwili. Hofu kwamba ingeongeza maambukizi ya VVU ilipelekea utafiti wa wanawake 7,829 katika nchi nne, Kenya ikiwemo. Matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa na njia nyingine mbili zilizolinganishwa. Lakini wanaoacha sindano kwa sababu ya damu isiyotabirika bado tunawaona.

Ili kujua kama kipokezi cha kotisoli kinahusika, jaribio ninalolitaka ni hili: tugawe seli za utando mafungu mawili, moja tuliondolee jeni ya kipokezi cha kotisoli kwa mkasi wa CRISPR, yote mawili tuyape estrojeni kisha dawa ya sindano, tusome jeni zilizowaka. Zikiwaka kwenye fungu lisiloguswa pekee, tutajua zimepitia mlango wa kotisoli. Seli zitoke kwa wanawake wanaotumia sindano hiyo hapa kwetu, kwa ridhaa iliyoandikwa kwa lugha wanayoongea sokoni, na yeyote akitaka kuziondoa seli zake katikati ya kazi, ziondolewe.