KUPIMWA MWILI: NI MARA NGAPI KWA MTU MZIMA ASIYE MGONJWA?

(Maneno haya yalisemwa kwa niaba ya Kamati katika mkutano wa tawi. Tunayachapa kwa ajili ya ndugu wa shifti ya usiku ambao hawakuweza kufika.)

Katika mkutano uliopita wengi wenu mliinua mikono mkataka Kamati idai, katika mkataba mpya, kila mwanachama apimwe mwili mzima kila mwaka, tangu utosini mpaka wayo. Tuliliandika neno hilo, kisha tukaenda kutafuta ukweli wake kabla ya kukaa mezani na waajiri. Leo tumerudi na jibu, na jibu lenyewe silo mlilolitazamia. Twawaomba mtusikilize mpaka mwisho, ndipo mtupinge.

Twajua dai hili lilitoka wapi. Lilitoka matangani. Mwenzetu alianguka usiku kando ya mashine ya kufumia, na hospitalini wakasema ni kiharusi, kilicholetwa na presha iliyokuwa juu kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka 46, na hakuwa mtu wa kuomba ruhusa ya ugonjwa. Hakuna aliyepata kumfunga mkononi kile kitambaa kinachojazwa upepo. Baada ya maziko kila mtu alisema, "Lau angalipimwa!" Ni kweli. Lakini angalipimwa nini? Hapo ndipo penye neno.

Desturi ya kumpima mtu mzima kila mwaka si mpya. Mwaka 1922 chama cha madaktari wa Marekani kiliisifu, na makampuni ya bima yakaipenda. Lakini mwaka 1979 kamati ya wataalamu wa Kanada ilishauri iachwe, watu wapimwe mambo machache kwa kufuata umri wao na hatari zao. Huko Denmark watu 59,616 wa miaka 30 mpaka 60 waligawanywa: baadhi yao wakaitwa kupimwa na kushauriwa, wengine wasiitwe. Baada ya miaka 10 wakahesabu magonjwa ya moyo, viharusi na vifo. Habari zao zilitolewa mwaka 2014: mafungu mawili yalikuwa sawasawa. Na mwaka 2019 wataalamu walijumlisha majaribio 15 kama hayo, yenye watu zaidi ya 250,000, wakaona kupimwa kwa jumla hakukupunguza vifo.

Basi je, tusipimwe? La, ndugu, msituelewe hivyo. Watu wale ni wa Ulaya na Marekani. Wengi wao wana daktari wamwonaye kwa mafua au kwa jeraha, naye huwapima presha papo hapo. Kwetu sivyo. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepata kupimwa presha hata mara moja, na hali kadiri ya mmoja katika kila wanne alikuwa nayo juu. Mwenzetu hakukosa kipimo cha mwili mzima. Alikosa kipimo kimoja cha dakika tano.

Na vipimo vingi vina hasara yake. Mwenzetu mwingine alilipa karo ya muhula mzima ya mtoto wake, akapimwa kila kitu katika kituo kimoja cha mjini. Wakaona kivuli. Akaenda mara tatu kupigwa picha, akakopa, hakulala. Mwishoni akaambiwa si kitu. Presha yake waliiandika kwenye karatasi, ilikuwa 150 kwa 95, na hakuna aliyemwambia neno juu yake.

Sasa tuseme yafaayo. Kwa mtu asiyejisikia ugonjwa wowote, madaktari wanashauri hivi:

Presha. Mwenye miaka 18 mpaka 39, ambaye kipimo chake ni kizuri na hana hatari nyingine, atosheke na mara moja kila miaka 3 mpaka 5. Tangu miaka 40, kila mwaka. Mwenye mwili mzito, au ambaye presha yake imeanza kupanda, naye kila mwaka hata akiwa kijana. Keti utulie dakika tano kwanza, bila sigara wala kahawa. Ikifika 140 kwa 90, usihukumiwe kwa siku moja. Rudi upimwe tena siku nyingine.

Sukari. Tangu miaka 35 kwa mwenye mwili mzito, na ikiwa nzuri, mara moja kila miaka 3.

Kina mama. Saratani ya mlango wa kizazi hukua polepole, nayo huweza kuzuiwa ikionekana mapema. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 kwamba mama apimwe virusi vyake tangu miaka 30, kila miaka 5 mpaka 10. Na mwenye virusi vya Ukimwi aanze miaka 25, kila miaka 3 mpaka 5. Mahali ambapo hutazamwa kwa siki tu, ni kila miaka 3.

Lakini sikieni sana: hesabu hii ni ya mtu mzima. Mwenye kikohozi cha wiki mbili, anayetoka damu, anayekonda bila sababu, aliyeona uvimbe titini, huyo asitazame kalenda. Na aende kesho.

Tena iko hesabu nyingine, nayo si ya umri bali ni ya kazi. Sisi twavuta vumbi la pamba. Mtu anayebanwa kifua Jumatatu akirudi kazini, kisha akapata nafuu siku zinazofuata, asidhani ni uvivu wa Jumapili. Ni vumbi lile. Na masikio yakiisha kuharibiwa na kelele za mashine, hayarudi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zasema kuwa wenye kazi za hatari wapimwe kabla ya kuajiriwa, wapimwe tena kwa vipindi wakiwa kazini, na wapimwe wanapotoka, kwa gharama ya mwajiri. Hilo si ombi letu. Ni haki iliyokwisha andikwa.

Mwatuuliza, "Na nikionekana mgonjwa, sitafukuzwa?" Hofu hii twaijua, na ndiyo inayowafanya wengi wakimbie kupimwa. Kwa hiyo twasema karatasi ya daktari ni yako. Msimamizi aambiwe tu kama wafaa kwa kazi ile au hufai, basi. Na kuhusu Ukimwi, sheria ya mwaka 2006 yamkataza mtu yeyote kukulazimisha upimwe ili upate kazi au usiipoteze.

Basi Kamati yaomba ruhusa yenu kudai mambo manne mahali pa lile moja. La kwanza, presha ipimwe kiwandani kila mwaka kwa kila aliyefika miaka 40, ndani ya saa za kazi. La pili, kina mama wapewe nusu siku yenye malipo kwenda kupimwa wakati wao unapofika. La tatu, kifua na masikio yapimwe kama kanuni zisemavyo. La nne, siri ya mfanya kazi ilindwe kwa maandishi.

Twaona madai haya ni madogo kuliko lile la kwanza, lakini waajiri hawataweza kusema hayana faida au ni ghali mno.

Wakati mkataba haujatiwa sahihi, msingoje. Mwaka 2023 Serikali iligawa mikoba kwa wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani, na ndani yake mna mashine ya presha na ya sukari. Muulize wa mtaa wako. Wewe uliyefika miaka 40 na hujapata kufungwa kitambaa kile, fungwa wiki hii, uiandike namba yako, na umchukue mwenzako wa mashine ya pili mwende pamoja.

Umoja ni nguvu.