Tezi za Juu ya Figo na Watu wa Milimani



Nimepewa dakika chache kabla ya chakula, kwa hiyo sitawachosha. Nataka kusema juu ya tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Ndizo zitoazo adrenalini, ile itupigayo moyo tukikutana na nyoka, na kotisoli, itusaidiayo kustahimili taabu.

Mtu wa Tanga akipelekwa ghafla kwenye mita 4,000, tezi hizo hupiga mbiu ya mgambo. Adrenalini huzidi, na kotisoli hupanda kwa siku za kwanza. Ninyi mnaopanda Kilimanjaro mmesikia habari za deksamethasoni, kidonge ambacho ni ndugu wa kotisoli. Hicho humpa mgonjwa nafuu ili ashuke, lakini hakiuzoezi mwili. Aliyejiona mzima kwa nguvu ya kidonge akazidi kupanda, kidonge kikiisha ugonjwa humrudia, naye yuko juu zaidi.

Basi wengi hudhani kwamba mzaliwa wa milimani huishi katika mbiu hiyo siku zote. Sivyo. Huko Peru, katika miaka ya 1960, madaktari walipima kotisoli ya wenyeji wa milima ya Andes, wakaona haipitani sana na ya watu wa pwani. Kwangu mimi hilo ndilo la ajabu: hewa ni haba, lakini tezi zimetulia. Mzigo umebebwa na kifua, na hasa damu.

Damu nayo ina mpaka wake. Mwaka 1925 Dokta Carlos Monge wa Lima alieleza habari za mgonjwa kutoka Cerro de Pasco, mji wa machimbo ulio kiasi cha mita 4,300 juu ya bahari. Damu yake ilikuwa imezidi uzito. Aliposhuka pwani alipata nafuu. Hemoglobini ya mwanamume wa pwani ni kama gramu 15 katika desilita moja. Wagonjwa wa namna hii hufika 21 na kupita. Kichwa huuma, midomo huwa ya zambarau, usingizi hukosekana.

Dawa ya hakika ni kushuka. Lakini anayeshuka huacha machimbo, mshahara, na makaburi ya wazazi wake. Wapo wanaokataa, wakatolewa damu mara kwa mara, wakabaki huko huko juu.