Maktaba Si ya Watoto Peke Yao

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, Kambi ya Dzaleka, Malawi)



Nimeagizwa na Kamati nieleze shughuli zitakazofanyika katika maktaba yetu kuanzia sasa hadi mwezi wa Septemba. Kabla ya ratiba naomba niwasimulie kisa kimoja. Mwenyewe amenipa ruhusa, ila jina lake sitalitaja.

Mama mmoja wa mtaa wetu alipewa karatasi ya kumrudisha mtoto wake mchanga kliniki kwa chanjo. Karatasi iliandikwa kwa Kichewa. Mama hajui kusoma, kwa hiyo alimwita binti yake wa darasa la tatu. Binti aliona neno Lachinayi. Akakumbuka kwamba kwa Kichewa hiyo ni hesabu ya nne, akamwambia mama yake: ni Jumanne. Ndugu zangu, Lachinayi si Jumanne, ni Alhamisi! Wenyeji wetu huhesabu siku kuanzia Jumatatu, na Kiswahili huhesabu kuanzia Jumamosi. Mama alifika Jumanne, akaambiwa siyo siku yake. Hakuelewa aliyoelezwa, akarudi nyumbani akidhani kazi imefutwa. Wiki tatu zilipita kabla jirani hajaiona karatasi ile. Tunamshukuru Mungu, mtoto alichanjwa na ni mzima.

Binti huyo ni mwanafunzi wangu. Nilitaka kumgombeza, lakini nilipoiangalia karatasi nikanyamaza. Neno alilisoma sawasawa. Kosa lilikuwa katika kufasiri, na mimi mwalimu wake sikuwa nimemfundisha jambo hilo hata siku moja. Tena nikajiuliza: kwa nini mtoto wa darasa la tatu abebeshwe mzigo wa kusomea nyumba nzima?

Ndugu wasikilizaji, tarehe 20 Juni ilikuwa siku ya wakimbizi wa Afrika kabla ya kufanywa siku ya wakimbizi wa dunia nzima kuanzia mwaka 2001. Mahali hapa tuliposimama palikuwa gereza, pakageuzwa kambi mwaka 1994. Palitengwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na leo tumezidi 50,000: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na wengineo. Mtoto wetu anasoma Kiingereza darasani, anasikia Kichewa sokoni, na nyumbani anasema Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe au Kifuliru. Mtoto huyu ana mali nyingi kichwani. Lakini mzazi wake akibaki nyuma, nyumba itaongozwa na mtoto, na mtoto akikosea wote wamekosea.

Ndiyo sababu mwaka huu maktaba inawaita watu wazima. Shughuli zenyewe ni hizi:

Kwanza, Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. UNESCO iliipitisha siku hii mwezi wa Novemba mwaka 2021. Kwetu huangukia kesho yake baada ya wenyeji kuadhimisha uhuru wao, walioupata tarehe 6 Julai 1964. Tumewaalika majirani wa vijiji vya karibu. Wao watatupa hadithi na vitendawili vya Kichewa, na sisi tutawapa vyetu kwa Kiswahili.

Pili, wakati wa likizo, kila Jumamosi asubuhi, wazee watasimulia na wanafunzi wataandika. Vitabu vingi tulivyopewa ni vya Kiingereza, na tunawashukuru waliovitoa. Lakini katika kabati zetu hakuna hata daftari moja linaloeleza jinsi samaki wanavyovuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Tanganyika, au jinsi ndizi zinavyoivishwa kwa kutengeneza pombe ya harusi. Watoto waliozaliwa hapa watayajulia wapi? Najua wengine wana hofu, maana katika kambi hii wanakaa pamoja watu waliokimbiana. Kamati imeweka sharti: msimulizi aseme aliyoyaona au aliyoyafanya kwa mikono yake, wala asimtaje jirani kwa ubaya. Tuanze na kilimo, uvuvi, mapishi na michezo ya utotoni. Mengine yatakuja wakati wake.

Tatu, tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, tutafungua darasa la jioni la watu wazima. Hatutaanza na a, e, i, o, u. Tutaanza na karatasi mnazopokea kila siku: kadi ya kliniki, tangazo la mgao, barua ya shule, na siku za juma kwa Kichewa, Kiswahili na Kiingereza. Hakuna ada, wala hakuna atakayeulizwa umri wake.

Ninayo maombi matatu. Wazazi, msiwaache wasichana kwenye foleni ya maji mchana kutwa huku kaka zao wakija maktaba, wapokezane. Wasomaji, rudisheni vitabu, maana kitabu kilichofichwa chini ya kitanda kimemnyima mwenzako. Na ninyi wageni wetu wa mashirika, tunaomba matangazo yenu yaandikwe pia kwa Kiswahili na Kirundi, na mwezi utajwe kwa tarehe pamoja na siku. Tarakimu haina kabila. 14 ni 14 kwa kila mtu.

Yule mama amekuwa wa kwanza kuandikisha jina kwa darasa la jioni. Aliweka alama ya kidole gumba kwenye daftari letu, akasema mwakani atakuja kuifuta na kuandika jina lake mwenyewe. Nafasi chini ya jina lake bado ni tupu. Tunawangoja ninyi.